Nyumba Iliyorukwa

Magogoni, Kisauni
4 Julai 1962

Kwa Bi Kanze, Changamwe.

Shikamoo Bi Kanze. Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na mwanao Thoya na wote wa nyumbani kwako. Sisi huku ni wazima, ila si sana, na hiyo "si sana" ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Shangazi yangu Bi Mastura amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia hauna nguvu kabisa. Anakula nikimlisha, anatutazama, anatujua, lakini maneno yamemwondoka yote, limebaki moja tu: naam. Ukimuuliza una njaa, naam. Umeshiba, naam. Jana binti yangu Tima alimuuliza kama amegeuka samaki, akasema naam, tukacheka, kisha mimi nikaingia jikoni nikalia.

Wewe ulimsaidia kazi ya ukunga miaka mingi kabla hujahamia kwa mwanao, kwa hiyo unajua tulichopoteza. Kila mtoto wa hapa aliyenyonyeshwa na mama asiye wake, Bi Mastura alikuwa na habari zake: nani, kwa nani, mara ngapi. Mtu akitaka kuoza, alikuja kwake kwanza kuuliza. Hakujua kuandika. Yote yalikuwa kichwani, na sasa kichwa kimefungwa na ufunguo hatuuoni.

Msiba umenifika mimi kwanza. Tima ameposwa na Jumaa, yule fundi seremala, mwana wa Bwana Ghalib. Wanapendana, usiniulize nimejuaje. Posa tumepokea, harusi tumepanga iwe baada ya Maulidi. Ghafla akatokea Mishi, mama mdogo wake Jumaa. Akaja hadi ukumbini kwangu akasema: "Harusi hiyo haiwi. Tima amenyonya kwa marehemu dadangu Kafedha, nalimuona kwa mato yangu. Jumaa ni nduguye."

Bi Kanze, ningembishia kwa lipi? Tima alipozaliwa mimi nilichukuliwa hospitali ya kisiwani, homa imenipanda sijijui sijitambui, na nilikaa huko wiki nyingi. Mtoto aliachwa kwa Bi Mastura. Nani alimnyonyesha, sikuwahi kuuliza. Nilirudi nikamkuta mnene, nikashukuru Mungu, basi. Kafedha mwenyewe yuko kaburini.

Maalim Khatibu ametukumbusha tunayoyajua sote: mtoto akinyonya mara tano kamili kwa mama mmoja, amekuwa mwanawe, na watoto wa mama huyo ni nduguze, haolewi nao mpaka kiyama. Zisipofika tano, hakuna kizuizi. Amesema pia kwamba kisheria shaka haiharamishi. Lakini Bwana Ghalib ametikisa kichwa. Anasema hawezi kumlaza mwanawe na shaka kitanda kimoja. Nikimtazama usoni, siwezi kumlaumu.

Zamani Bi Mastura alikuwa akisema, "Mimi nikiondoka, muulizeni Kanze, anayo yote." Nilidhani ni maneno ya kumsifu mtu. Ni kweli unayo? Na Tima yumo?

Ndimi,
Salme


Changamwe
11 Julai 1962

Bi Salme,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nililia kwa ajili ya Bi Mastura, ya pili ndiyo nikaelewa unachotaka.

Ni kweli, ninayo. Nitakueleza nilivyoipata. Mwaka mmoja ndui iliingia Kisauni, na Bi Mastura akaugua karibu kufa. Alipopona akaniita akasema: "Kanze, ningekufa, hawa watoto wangeoana ndugu kwa ndugu na wasijue. Nataka kichwa cha pili." Nikamuuliza kwa nini mimi, mtu wa kutoka bara, wakati ana jamaa zake tele. Akasema: "Hao kila mmoja ana binti wa kuoza hapa. Wewe huna. Hakuna atakayekubembeleza usahau." Basi akanifundisha. Na nilipotaka kuhamia huku hakunizuia, alifurahi. Alisema kichwa cha pili kisilale nyumba moja na cha kwanza, maana ugonjwa ukiingia nyumba hauchagui.

Tangu hapo kila mfungo mosi, sikukuu ikiisha, nilikuja Magogoni nikakaa mbele yake nikayasema yote tangu mwanzo mpaka mwisho, yeye akisikiliza na kukoboa choroko. Nikikosea alinirudisha. Nisipokosea alininyamazia, na kunyamaziwa na Bi Mastura ni sifa kubwa. Mwisho nilikuja kabla ya magoti haya kuharibika. Waliozaliwa baada ya hapo sinao, hao itabidi uwaulize mama zao wangali wanakumbuka.

Sasa kuhusu Tima. Usikasirike, lakini siwezi kukujibu leo. Nilifundishwa kwa mwendo: naanza kisimani, nashika mkono wa kulia, naingia nyumba moja moja mpaka narudi kisimani. Nikijaribu kwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya katikati, majina yananichanganyikia. Kuruka sijui, Bi Mastura hakunifundisha. Kwa hiyo nimeanza kisimani, nimejaza karatasi zilizomo humu. Kuandika nako ninajifunza bado, kanisani wamenifundisha uzeeni, mkono unachoka upesi. Nyingine zitafuata.

Mwambie Bi Mastura kwamba Kanze anazunguka nyumba. Mpake mafuta ya nazi ule upande uliolegea, ya uvuguvugu, kuelekea moyoni.

Mimi,
Kanze


Magogoni, Kisauni
17 Julai 1962

Bi Kanze,

Shikamoo. Mafuta nampaka asubuhi na jioni. Nilimwambia unazunguka nyumba, akasema naam, na wallahi safari hii ilisikika kama naam ya kweli.

Karatasi zako nilimpelekea Maalim Khatibu, naye akaziangalia kwa uangalifu wake ule wa kumtoa mtu roho. Aliwaita wenye nyumba ulizozitaja, mmoja mmoja, akawauliza bila kuwaonyesha ulichoandika. Kila waliloweza kukumbuka limelingana na lako. Na lipo moja lililotikisa mtaa mzima. Unamjua yule muuza mafuta ya taa na jirani yake mfuga kuku, walivyogombana kwa ajili ya mpaka wa ua, hata salamu hawapeani? Kumbe mama wa mmoja alimnyonyesha mwingine, ni ndugu! Mfuga kuku akaondoka na jogoo kwapani akampelekea mwenzake. Ijumaa walisimama safu moja. Watu wanakushukuru, Bi Kanze, wananituma salamu nyingi, hata nyingine nimezisahau.

Lakini mimi ninakufa. Uko nyumba ya ngapi? Barazani wanaume wanabishana Mwambao utakuwa wa nani wazungu wakiondoka, na mimi hapa ndani nabishana na moyo wangu binti yangu atakuwa wa nani. Bwana Ghalib ametoa neno: Maulidi yakipita bila uhakika, atamwoza Jumaa binti wa nduguye aliyeko Lamu. Tima anafua nguo ambazo ni safi. Jana alifua mapazia.

Tafadhali, kama kuruka hujui, basi kimbia.

Ndimi,
Salme


Changamwe
24 Julai 1962

Bi Salme,

Nimekimbia. Karatasi ni hizi, na Tima yumo.

Bi Mastura hakupenda kumpa mtoto wa watu mama mmoja wa kumnyonyesha kama kuna njia nyingine. Alikuwa akiniambia, "Kila ziwa ni mlango. Ukimwacha mtoto anyonye sana nyumba moja, umemfungia wachumba wa nyumba hiyo, naye hajui hata kutembea." Kwa hiyo ulipokuwa hospitali alimzungusha Tima, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni kwa leso nyumba hadi nyumba. Alinyonya kwa Mwanakombo, mke wa mwashi, hizo zilipita tano, kwa sababu Mwanakombo alikuwa na mabinti watupu na Bi Mastura hakuona hatari. Alinyonya mara mbili kwa mke wa mwadhini. Na kwa Kafedha alinyonya mara tatu.

Ya tatu naikumbuka. Kafedha alitaka kuendelea naye, alimpenda mtoto. Jumaa alikuwa anachezea maganda ya nazi pale mlangoni. Bi Mastura akamtazama Jumaa, akamtazama Tima, akaniambia, "Mchukue mtoto, twende." Njiani nikamuuliza haraka ya nini. Akasema, "Nyumba ile ina wavulana watatu, Kanze. Nani ajuaye?" Hatukurudi tena.

Mishi si mwongo. Aliona kweli. Aliona mara moja au mbili, na miaka ikamjazia zilizobaki. Msimtukane.

Mwanakombo yuko hai, na mke wa mwadhini yuko hai. Waulizeni.

Nashukuru Mungu kwamba siku ile nilitii nikambeba nikaondoka.

Kanze


Magogoni, Kisauni
30 Julai 1962

Bi Kanze,

Shikamoo, na shikamoo tena, na laiti ungekuwa karibu ningekubusu mikono. Nilimsomea Tima barua yako, akaketi chini palepale alipokuwa, na beseni la nguo mkononi. Mwanakombo na mke wa mwadhini wameulizwa, na wote wamesema vile vile. Mwanakombo anamkumbuka hata mtu aliyekuja na mtoto mgongoni: "Yule Mgiriama mrefu asiyecheka." Nimemwambia unacheka sana siku hizi kwa kalamu.

Nilidhani tumemaliza. Hatujamaliza. Maalim Khatibu amekaa na karatasi zako, amezifuata kwa kidole, kisha akasema, "Salme, hapa pana nyumba imerukwa."

Nikamwambia haiwezekani, Bi Kanze kuruka hajui. Akanionyesha. Baada ya nyumba ya mshona mikeka umeingia kwa mwashi. Katikati yake kuna nyumba yetu, Bi Kanze! Nyumba ya Bi Mastura mwenyewe, niliyozaliwa mimi. Maalim anasema: "Kwa Kafedha hatuna shahidi ila Kanze. Aliyeruka nyumba nzima, nitajuaje hakuruka na kunyonya mara mbili?" Bwana Ghalib alikuwapo, alisikia, akajiinamia.

Maalim ana swali moja tu la kukupima. Anataka useme: Salme alinyonya nini?

Nilicheka mpaka akakunja uso. Nani asiyejua? Mamangu alifariki siku aliyonizaa, na baba yangu akanunua mbuzi. Alifungwa pale uani kila mtu akimwona. Utotoni wenzangu wakiniita mwana wa mbuzi, na mimi nikijibu kwa kulia kama mbuzi, wakakimbia. Mpaka leo nyama ya mbuzi siili, wewe unajua, hata kwenye pilau ya arusi naondoa vipande natia sahani ya jirani. Watu wanadhani ni maradhi ya tumbo, sijui nini. Ni heshima. Mtu hamli mamake.

Nadhani uliiacha nyumba yetu kwa kuwa mbuzi si mama, hana mwana wa kuzuiwa nisiolewe naye. Basi niandikie neno moja, mbuzi, Maalim atulie, nami nianze kutafuta mchele. Maulidi yamekaribia.

Ndimi,
Salme


Changamwe
4 Agosti 1962

Bi Salme,

Mbuzi.

Nisamehe sikuiandika nyumba yenu. Ni kama ulivyosema.

Kanze


Magogoni, Kisauni
9 Agosti 1962

Bi Kanze,

Sikuamkii leo. Nitakuamkia nikijua ninayemwamkia.

Nilimpelekea Maalim barua yako ile fupi. Aliisoma, akaikunja, akanirudishia. "Si kweli," akasema. Nikamwambia, Maalim, mimi mwenyewe najua ni kweli, mtaa mzima unajua. Akasema, "Ninyi mnajua mlichoambiwa. Bi Mastura alimwambia marehemu babangu jambo hili, na babangu akaniambia mimi kabla hajafa, ili kuwe na mtu anayejua. Si langu kulitangaza. Ni la mwenye kulihifadhi. Lakini Kanze akishindwa kusema kweli kuhusu nyumba moja, siwezi kumwambia Ghalib amwamini kuhusu nyumba yake." Nilimsihi aniambie nini. Alikataa, na macho yake yakawa mekundu, nikaogopa.

Bwana Ghalib amepeleka mtu Lamu.

Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani kwa Bi Mastura. Sikuwa na wa kumlilia mwingine. Nikamsomea barua zako zote, tangu ile ya kisimani, na kila nyumba akisema naam, naam, kama kawaida yake, hata nikaacha kumsikiliza. Nikafika kwenye hii ya mwisho. Nikasoma: mbuzi.

Akasema, "La."

Bi Kanze, sikuamini. Nikasoma tena. Akanishika mkono kwa ule wake wa kushoto, akaubana, akasema, "La." Tangu augue hajapata kusema neno hilo. Machozi yalikuwa yakimtoka na anasema la, la, mpaka nikamwambia nimesikia, shangazi, nimesikia.

Sasa niambie. Kama kuna aibu, mimi ni mtu mzima, nitaibeba. Mtoto wangu amekaa sakafuni na hana tena cha kufua. Ulimtoa kwa Kafedha mgongoni mwako ili aje aolewe, na sasa unamfungia mlango mwenyewe. Kwa nini?

Salme


Changamwe
11 Agosti 1962

Salme,

Thoya ataileta barua hii kwa mkono, nimemwomba asiende kazini. Posta ni polepole, na Maulidi ni keshokutwa.

Bi Mastura ndiye aliyeniapisha. Kama yeye amesema la, basi amenifungua, na ninamshukuru, maana kiapo hiki kimenilemea kuliko magoti.

Mimi na mume wangu tulitoka Kaloleni, yeye akiangua nazi shambani kwa baba yako. Nilizaa mtoto wangu wa kwanza palepale Kisauni. Bi Mastura alinizalisha. Alikuwa msichana, tukampa jina la nyanya yake, Mbeyu. Hakufikisha arobaini yake. Tulimzika, nikarudi ndani, na maziwa hayakujua kwamba mtoto hayupo. Yalikuja tu. Nguo ililowa, nikakaa nikitazama ukuta, sikutaka kula wala kusemeshwa. Nilitaka kumfuata.

Siku hizo hizo mama yako alikuzaa akafariki. Bi Mastura alikuja kwangu amekufunga kwa leso. Hakuniomba. Hakunipa pole. Alikuweka mapajani pangu akasema, "Huyu analia, na wewe unalia. Mimi nina kazi jikoni." Akatoka nje.

Ukashika ziwa.

Sijui kuandika vizuri kilichonipata saa ile. Najua tu kwamba jioni niliomba chakula.

Baba yako alipojua alikasirika sana. Binti yake, wa nyumba ile, anyonye kwa mke wa mwangua nazi, Mgiriama asiye na dini ya kitabu. Bi Mastura akamwambia, basi mnyonyeshe wewe. Walizozana mpaka akakubali, kwa sharti kwamba isijulikane. Akanunua mbuzi akamfunga uani mahali pa kuonekana. Maziwa ya yule mbuzi, Salme, aliyanywa baba yako kwenye chai. Hukupata tone.

Bi Mastura akaniapisha kwa kaburi la Mbeyu kwamba sitasema mbele ya mtu. Nikaapa, maana ningeapa lolote wasinitoe pale ulipokuwa. Alimwambia maalim wa zamani peke yake, kwa sababu dini yenu haikubali jambo kama hilo lizikwe kabisa: nikizaa mvulana, asije akakuposa. Thoya alipozaliwa wewe ulikuwa unakimbia kimbia uani, ukinijia na mikono yako ya udongo, ukiniita Kanze. Nilikuitikia abee.

Kila mfungo mosi, nilipofika nyumba yenu katika kuhesabu kwangu, Bi Mastura aliacha choroko, akanitazama, tukanyamaza wote wawili kidogo, kisha nikaendelea kwa mwashi. Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa inasemwa. Hakuna mwaka tulioiruka.

Nilipoandika mbuzi niliona nalinda kaburi la mwanangu mmoja. Sikuona kwamba nambomolea mwingine nyumba. Nisamehe. Mwonyeshe Maalim barua hii yote. Mwambie Kanze amesema: Salme alinyonya kwangu, na zilipita tano, zilipita sana.

Na nikuambie jambo ambalo hukuniuliza. Watu watasema mimi ndiye niliyekuokoa. Si hivyo. Kama si wewe, mimi nisingekuwapo kumzaa Thoya wala kumbeba Tima. Miaka yote hii nimekuwa na shukrani kubwa na sina ruhusa ya kuitamka. Leo nimeitamka. Sasa hata ukinichukia, nitalala.

Kanze


Magogoni, Kisauni
18 Agosti 1962

Mama,

Shikamoo. Shikamoo kwa siku zote ambazo sikukuamkia inavyostahili.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Nitakueleza tu yaliyotokea kama yalivyotokea, la sivyo sitamaliza.

Thoya alipofika nilikuwa ukumbini bila buibui. Nikarukia mlango wa ndani kama kawaida, kujisitiri. Akanipa barua kwa pembeni ya pazia, ameinamisha uso, kijana wa adabu. Nikaisoma nimesimama. Nilipofika pale uliposema maziwa hayakujua kwamba mtoto hayupo, nikakaa. Nilipomaliza nikafungua pazia nikatoka vilevile nilivyo, kichwa wazi, nikamshika mabega. Maskini, alidhani nimepandwa na pepo, akarudi nyuma mpaka akagonga mtungi. Nikamwambia, "Usikimbie, mimi ni dadako." Hakuwa akijua lolote! Umeweza vipi, Mama, kunyamaza hata kwake?

Tukaenda wote kwa Maalim Khatibu. Alisoma taratibu, akafuta macho kwa ncha ya kilemba, akasema, "Sasa ni nzima." Basi. Akaondoka yeye mwenyewe hadi kwa Bwana Ghalib, jua kali, bila mwavuli. Sijui walisemezana nini. Alasiri Bwana Ghalib alikuja kwangu akasema amemtuma mtu mwingine amfuate yule wa Lamu amrudishe, na kwamba aliyeweza kusema lililomuuma namna hiyo, atamwamini kwa habari za Kafedha na hata kwa kaburi lake yeye Ghalib. Mishi naye alikuja. Nilikumbuka ulivyosema tusimtukane. Nikampa chai. Alilia kidogo, akasema huenda ni mara mbili alizoziona, akaomba apewe kazi ya kumpaka bibi arusi hina. Nimempa, ila nitakaa hapo hapo nikiangalia.

Tima alikimbia hadi uani akapiga vigelegele peke yake. Majirani wakaitikia bila kujua ni vya nini.

Kwa Bi Mastura niliingia mwishoni. Nilimsomea. Nilipofika "Ukashika ziwa," akafunga macho, akasema naam. Nikamuuliza, Kanze ni mamangu? Naam. Na yule mbuzi? "La." Nikacheka, naye akacheka kwa ule upande mmoja wa uso, nikaona jinsi alivyokuwa amechoka kubeba peke yake. Nilimshukuru. Nilimwambia asante kwa kuwa na kazi jikoni siku ile.

Nimemkasirikia baba yangu siku mbili. Kisha nikamwombea. Mtu anayemfunga mbuzi uani miaka miwili kwa ajili ya majirani, huyo naye alikuwa na mzigo wake.

Sasa sikiliza. Harusi ni mwezi ujao. Katika chumba cha wanawake kuna kiti cha bibi wa bibi arusi, mama wa mamake. Tangu niolewe mimi mwenyewe kiti hicho nimezoea kukiona kitupu, ama kimekaliwa na mtu wa kukopwa. Safari hii kina mwenyewe. Thoya amesema atakodi gari hadi mlangoni, na kama magoti yamekataa, atakubeba. Usiniambie habari za dini tofauti, nimeshamuuliza Maalim, amesema mama ni mama. Usiniambie habari za nguo pia. Leso nimenunua pea mbili, moja yako, moja ya Bi Mastura, mtakaa zimefanana.

Ni mwanao,
Salme


Changamwe
2 Oktoba 1962

Mwanangu Salme,

Marahaba. Nimefika salama, na gari halikuharibika njiani ila mara moja.

Nikipita kanisani wananiuliza mbona natabasamu. Nawaambia nimeoza mjukuu. Wanajua wajukuu wangu wote, kwa hiyo wananitazama kwa wasiwasi. Nitawaeleza polepole, mmoja mmoja.

Asante kwa kiti. Nilidhani nitaona haya, lakini Mwanakombo alipoingia akaniona nimekaa pale, akapaza sauti, "Leo anacheka!" na nikawa sina la kufanya ila kucheka. Asante kwa leso. Asante kwa kunishika mkono mbele ya wale wanawake wote ukasema mimi ni nani, na kwa kulisema kwa sauti, bila kunong'ona. Mwambie Jumaa kabati alilonitengenezea limeingia chumbani vizuri, lakini Thoya aliubomoa mlango kwanza.

Uliniuliza nilikuwa nikimnong'oneza nini Bi Mastura ule wakati wote mlipokuwa mkiimba. Nilikuwa nazunguka nyumba. Miaka minne sikuwa nimemsomea, nilimwambia nisamehe mwalimu wangu, nimechelewa. Nikaanza kisimani. Kila nyumba naam. Nilipofika nyumba yenu nikaisema kwa mdomo, mara ya kwanza tangu anifundishe. Hakusema naam wala la. Alininyamazia. Nilikuambia kunyamaziwa na Bi Mastura maana yake nini.

Na nilikuona, usidhani sikukuona. Sahani ya pilau ilipokuja ulichukua kipande cha mbuzi, ukakitazama, ukakila. Kisha ukachukua na cha pili.

Bi Mastura hawezi tena, na mimi si wa milele. Mfungo mosi ukifika, Tima aje akae nami, nimfundishe. Najua sasa atakuwa na wa kuoza hapo Magogoni na atabembelezwa, kwa hiyo nitamfundisha na mke wa Thoya pia, akae nayo huku mbali. Wale waliozaliwa hii miaka ya mwisho mwendelee kuwauliza mama zao. Waanze kisimani, mkono wa kulia, wasiruke.

Wakifika nyumba ya Bi Mastura waseme hivi: Salme, kwa Kanze. Wakiulizwa mara ngapi, wasitafute hesabu, hawataipata kwangu. Za watoto wa wengine nilizihesabu zote. Zako sikuhesabu.

Mama yako,
Kanze